Jina Lililotangulia Shairi

Ko, ko, ko. Chuma juu ya mti. Dekow Nunow alikuwa bado nje ya lango, mikono juu, askari akimpapasa mifuko, sauti ile ilipomfikia kutoka ndani, nyuma ya vibanda, taratibu, kama ya mtu asiye na haraka wala hofu. Katika kijiji kile kila mtu alikuwa na mojawapo.

Huo ulikuwa mwaka wa 1967. Vita havijaisha, na serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji wa pande za Garissa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na seng'enge, wasije wakawapelekea maziwa wapiganaji waliokuwa porini, wale walioitwa shifta. Kuingia kwa pasi, kutoka kwa pasi, kuhesabiwa asubuhi na jioni kama mbuzi. Dekow yeye hakuwa wa kijijini. Alikaa mjini kwa tajiri wa ngozi, akipaka ngozi chumvi na kuziwamba juani, na siku hiyo alitumwa kuzikusanya za mbuzi waliokufa. Malisho yalikuwa mbali na seng'enge ilikuwa karibu, kwa hiyo mbuzi wa kufa hawakukosekana.

Askari alimwuliza swali refu kwa Kiswahili: ametoka kwa nani, amekuja kwa nini, ana ndugu ndani, atatoka saa ngapi. Dekow alikijua Kiswahili vizuri, alikisoma shule miaka minne, lakini sheria ya lango ilikuwa kwamba kila neno lipite kwa mkalimani. Na mkalimani alikuwa Alio Kerrow.

"Unaulizwa una nini," Alio akamwambia kwa Kisomali.

"Nina pasi na kiu."

"Anasema ni mfanyakazi wa tajiri wa ngozi, atatoka kabla ya alasiri," Alio akamwambia askari.

Alio alikuwa amekonda. Koti lake la kaki lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Wanawake wawili waliobeba kuni walipita wakitazama chini, na mmoja akatema mate kando, si karibu sana naye wala si mbali. Alio hakugeuka. Dekow akachukua pasi yake akaingia ndani bila kumtazama usoni.

Mwenye ngozi alikuwa mama mmoja aitwaye Maryan. Alipokuwa akimhesabia ngozi kumi na tatu, Dekow alimwuliza ni nani anayegonga.

"Hujui? Ndiye Yarow Bare. Wamemleta juzi na watu wa upande wa Sangailu."

Ngozi aliyoishika Dekow ikamponyoka.

Yarow Bare. Tangu umri wa miaka kumi na sita, alipoanza kujifundisha kutunga, peke yake, bila mwalimu, akizungumza na mbuzi mpaka mama yake akadhani amepagawa, jina hilo lilikuwa kinywani mwake kabla ya jina la baba yake. Mashairi thelathini na moja ya Yarow Bare aliyajua kwa moyo. Ingekuwa siku nyingine angekimbia kwenda kumbusu mkono. Lakini miguu ilimwia mizito, na sababu yake aliijua yeye na Mungu wake.

Kwa Wasomali shairi halitembei peke yake. Anayelikariri hutanguliza jina la aliyelitunga, ndipo aanze, na hana ruhusa ya kuongeza neno wala kupunguza. Kumnyima mtungaji jina lake ni wizi. Lakini kulibandika jina la mtu kwenye shairi asilolitunga, hilo halikuwa na hata neno la kuliitia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angelifanya.

Dekow alilifanya. Wiki sita nyuma, katika mkahawa wa sokoni, alikuwa amesimama kukariri shairi lake mwenyewe, kwa jina lake, kifua mbele. Watu waliendelea kukoroga chai. Alio, aliyekuwa mjini kwa siku yake ya mapumziko, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Zuri, walaal, ndugu yangu. Ila linachechemea, kama mbuzi mwenye mwiba kwatoni." Mkahawa mzima ukacheka. Dekow alicheka nao kwa meno tu. Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu alirudi mkahawani na shairi jipya, na akijua kwamba wakisikia jina lake watakoroga chai, alisema: "Hili ni la Yarow Bare."

Vijiko vilitulia.

*Mdomo wake mlango, mchana umefungwa,*
*mwezi ukimulika, majina yamwagika.*

Jina la Alio halikutajwa, lakini mkalimani wa lango alikuwa mmoja tu. Shairi lilisema kwamba anauza majina ya watu kwa askari. Dekow hakuwa na ushahidi wowote. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa na vina. Watu wakasema: kama habari hii imemfikia Yarow Bare kule Sangailu, basi ni kweli. Siku ya tano Dekow alilisikia kutoka kwa mchota maji asiyemjua, neno kwa neno, na siku hiyo aliona utamu ambao hajawahi kuuona maishani mwake.

Sasa mwenye jina alikuwa nyuma ya vibanda anagonga mti.

Mzee alikuwa amekaa juu ya gogo, tezo mkononi, kengele ya mti ya ngamia ikiwa imebanwa katikati ya magoti yake. Nyingine tano zilikuwa chini, laini, zimechongwa mistari myembamba kama nywele zilizosukwa. Kijiji kizima hakikuwa na ngamia hata mmoja; wote walikuwa wamechukuliwa.

"Nabad, adeer," Dekow alisema, kwa heshima ya mtu na baba yake mdogo.

"Nabad, mwanangu. Kaa. Unashangaa kengele? Ngamia watarudi. Wasiporudi, watoto wajue angalau sauti yao."

Dekow alijitaja jina, akataja na ukoo, akasema kwamba anabeba mashairi yake thelathini na moja na kwamba angependa, kama mzee angekubali, awe mbebaji wake, yule anayelipeleka shairi kutoka kisima hadi kisima. Maneno yalimtoka mbio.

"Lipi unalolipenda kuliko yote?"

"La kisima, adeer."

Mkono wa mzee ulisimama. "Lilete."

Dekow alisimama, akataja jina la Yarow Bare mbele ya Yarow Bare mwenyewe, akaanza.

*Kwenye kisima cha babu kwato ngeni zakanyaga;*
*kaeni na kina mama, kazi yenu kusuka kamba.*

Midomo ya mzee ilikuwa ikienda pamoja naye. Katika ubeti wa nne aliinua kidole. "Hapo usivute pumzi. Beba mpaka mwisho, ndipo upumue." Dekow akarudia, na kweli, ubeti ukasimama kama farasi. Alipomaliza jasho lilimtoka, na alikuwa na furaha isiyo na mipaka.

"Waliokufundisha walikwambia nini juu ya shairi hili?" mzee aliuliza.

"Kwamba lilishinda vita."

"Hapakuwa na vita." Mzee aliiweka tezo chini. "Wale walikuwa wageni wetu. Tuliwapa kisima kwa siku tatu, kwa kiapo. Siku ya pili niliona ngamia wao wakinywa kabla ya wangu, nami nilikuwa kijana, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Jioni nikatunga. Nikawaimbia vijana wetu. Alfajiri walishuka kisimani. Waliuawa watu kumi na mmoja. Mume wa dada yangu Habibo, aliyekuwa mmoja wa wageni wale, alikuwa chini ndani ya kisima anapandisha maji, wakamrushia mawe kutoka juu. Hata hakuona ni nani."

Dekow aliinamisha macho kwenye zile kengele.

"Mimi sikushika fimbo. Nilikuwa nimekaa nakunywa chai. Watu wakaja kunipongeza kwa shairi. Habibo akaja pia, akasimama mbele yangu, hakusema neno. Nikashika Kurani mbele yake nikaapa sitatunga tena mpaka nizikwe. Miaka ishirini na miwili sasa. Salamu yangu hajaijibu. Lakini kiapo anakijua, na nimekishika. Ni kitu pekee nilichompa." Akainama, akaokota tezo, akaitazama. "Na umeona? Nimekusahihisha pumzi. Watu kumi na mmoja, na bado nataka lisemwe vizuri."

Dekow alitamani aondoke. Shairi alilolibeba kwa fahari tangu utotoni, akilikariri harusini na njiani, lilikuwa limegeuka kinywani mwake likawa na ladha nyingine. Lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Lipo jingine linatembea kwa jina langu. Tangu nifike hapa watu wananishika mkono kwa shairi ambalo sijalitunga. La mkalimani. Umelisikia?"

"Nimelisikia."

Yarow Bare akalikariri. Alikuwa amelisikia mara mbili tu, alisema, lakini lilitoka lote, na kwa sauti ile ya mzee, iliyochakaa kama kamba ya kisima, lilikuwa zuri kuliko Dekow alivyowahi kuliota. Kila neno lilikaa. Halikuchechemea popote. Dekow alihisi kifua kinampanda, na papo hapo akakichukia kifua chake.

"Aliyelitunga ana mkono," mzee alisema. "Mimi katika umri wake sikuwa na mkono huo. Unatoka mjini. Unamjua?"

Palikuwa na nafasi ya kusema. Palikuwa na nafasi kubwa tu, lori lingepita.

"Simjui, adeer."

Mzee alimtazama kitambo, kisha akarudi kwenye kengele yake.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mzee, mrefu, kichwa kimefunikwa shuka nyeusi. Dekow alimfahamu: Fatumo, mama yake Alio. Hakumsalimu mtu. Alivua shuka ile ya juu, akaitandaza chini mbele ya miguu ya Yarow Bare, akabaki amesimama na kitambaa chembamba tu kichwani. Mwanamke akikutandikia nguo yake amekuomba uhai wa mtu. Ukiikanyaga umemkatalia, ukiiokota umemkubalia.

"Yarow Bare," alisema, "umeimba juu ya mwanangu."

Dekow alingoja mzee aseme: si mimi. Mzee hakusema.

"Juzi wanawake wa kuni walikutana na watu huko msituni. Wakapewa ujumbe: mwambieni mkalimani tumelisikia shairi la Yarow Bare. Jumamosi anatoka na lori la maji kwenda Dadaab. Wamesema watamsalimia njiani." Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa ameshatetemeka kwingine akamaliza. "Hawezi kukataa safari, askari watamfunga. Hawezi kwenda. Wewe ndiye uliyefunga, wewe ufungue."

"Wanawake wa kuni wanatoka tena lini?"

"Ijumaa baada ya swala. Wale wa msituni huwapokea njiani kusikia habari."

Mzee aliinama polepole, magoti yakimlia, akaiokota shuka. Akaikung'uta vumbi, akamrudishia.

"Nitatunga la kulijibu," alisema. "Ijumaa nitalisema hapa, nao watalibeba."

Fatumo akaishika shuka bila kujifunika. "Watu wanasema uliapa."

"Niliapa. Nitafunga siku tatu za kafara. Mungu ni mwingi wa rehema." Akakaa tena juu ya gogo. "Habibo sijui."

Na hapa, msomaji, lisemwe lililo kweli: kitu cha kwanza Dekow alichohisi ni nafuu. Alio ataokoka. Mzee atalifungua. Hakuna atakayejua, na yeye Dekow atachukua ngozi zake kumi na tatu akarudi mjini akiwa na siri na sifa pamoja. Nafuu ile ilimpitia mwilini kama maji baridi. Ndiyo aliyoionea haya baadaye kuliko shairi lenyewe.

Fatumo alikuwa ameushika mkono wa mzee. "Unisamehe," alikuwa akisema. "Wiki nzima nimekulaani katika kila swala. Nimemwomba Mungu aukaushe ulimi wako." Akainama kuubusu mkono ule, na mzee akauacha ubusiwe, kwa deni asilolikopa.

"Si lake," Dekow alisema.

Hakuna aliyegeuka. Alikuwa amesema chini chini.

"Eddo," alisema kwa sauti zaidi, kama mtu na shangazi yake. "Shairi si lake. Ni langu. Nililitunga mimi nikalibandika jina lake."

Fatumo akainua kichwa. Yarow Bare hakushangaa hata kidogo; alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akingoja mgeni aliyechelewa.

"Ulijua, adeer?" Dekow akamwuliza.

"Nilipolikariri ulikuwa unahesabu mizani kwa vidole. Anayefanya hivyo ni mwenye mali."

"Basi kwa nini hukusema kwamba si lako?"

"Ningelikana, lingebaki bila mwenyewe. Shairi lisilo na mwenyewe nani atalifungua?"

Fatumo alimsogelea Dekow mpaka pumzi yake ikamgusa. "Mwanangu aliuza jina la nani?"

"Sijui, eddo. Sina habari ya jina hata moja."

"Basi kwa nini?"

Dekow alitafuta. Kichwa chake, ambacho kilikuwa kikimletea maneno hata usingizini, kilimletea sababu moja tu, nayo ilikuwa ndogo hata kuitamka aliona taabu.

"Alinicheka."

"Alikucheka." Fatumo alilirudia polepole. "Nikwambie mwanangu anafanya nini pale langoni? Mama anaulizwa mtoto wako wa kiume yuko wapi. Mama ni mjinga, au amechoka, anajibu yuko msituni na wenzake. Alio anamwambia askari: alikufa kwa surua. Nusu ya vijana wa kijiji hiki wamekufa kwa surua kinywani mwa Alio. Mpaka juzi askari akamwuliza, surua gani hii isiyoua wasichana?"

Yarow Bare alitoa sauti, nusu kicheko, nusu kingine.

Dekow alikaa chini. "Nitalijibu mwenyewe," alisema. "Usivunje kiapo, adeer. Nitatunga jingine, maneno yakianza kwa herufi ile ile, kali kuliko lile. Nitasema yote anayoyafanya, nitamsifu mpaka—"

"Utamsifu kwa surua mbele ya askari?" Fatumo alisema. "Huko msituni utamwokoa, hapa langoni utamnyongesha. Mashairi nimeshiba mimi. Sitaki vina. Simama Ijumaa useme maneno ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuachiwa hata sifa moja ya kujisitiria. Asingeweza kusema kwamba Alio ni mwema; angeweza kusema tu kwamba yeye Dekow ni mwongo. Na atakayeyasikia maneno hayo, mjini na msituni, tangu Garissa hadi Mandera, atayabeba na jina lake mbele, kama ilivyo desturi. Hicho ndicho alichokitaka maisha yake yote, jina lake litangulie.

"Watakupiga," Yarow Bare alisema bila ukali. "Na hawatalipokea shairi lako tena. Lazima ulijue hilo kabla hujafungua mdomo. Mimi bado naweza kulibeba. Jina langu limeshazoea."

Ilikuwa ahadi ya kweli. Mzee aliitoa kwa mikono miwili. Dekow aliutazama mkono ule uliokuwa umebusiwa, mishipa imetuna, vumbi la mti kwenye kucha, akafikiri juu ya mwanamke aitwaye Habibo, ambaye hakumjua, ambaye Jumamosi angesikia kwamba kaka yake ametunga.

"Hapana, adeer," alisema.

"Basi usiniambie mimi. Mwambie mwenye mtoto. Na useme kwa sauti. Lile la mkahawani hukulinong'ona."

Fatumo alijifunika shuka yake, akaifunga vizuri, akasimama kungoja. Hakuwa na uso wa msamaha, wala hakuahidi kuwa nao. Maryan na majirani wawili walikuwa wametokeza vichwa kwenye milango ya vibanda. Kule langoni Alio aliinua shingo kutazama. Dekow aliinuka. Sauti ilimtoka mbaya, imepasuka, bila mizani.

"Mimi Dekow, mwana wa Nunow, mwana wa Hilowle, nakuahidi, eddo Fatumo: Ijumaa watu wakitoka kuswali, kabla wanawake wa kuni hawajapita lango, nitasimama pale alipo mwanao. Nitasema kwamba shairi la mkalimani ni langu, kwamba Yarow Bare hakulijua, kwamba Alio hakuuza jina la mtu, na kwamba nilisema uongo kwa sababu alinicheka. Nitarudia mpaka kila mmoja wao ayajue kwa moyo. Na Jumamosi lori la maji likienda Dadaab, nitapanda nikae kando yake, ili wa kusalimiwa wa kwanza niwe mimi."